Mpiga Pasi Aliyesimamisha Meza

Watu wanaoisimulia habari hii siku hizi wanamfanya wifi yangu kuwa mama mpole, mwenye machozi ya taratibu na sauti ya chini. Uongo mtupu! Mimi nimeishi naye tangu kaka yangu alipomwoa, mwaka wa ishirini na saba huu, na ninawaambia: wifi yangu ana hasira za karibu, ulimi mkali, na kichwa kigumu ambacho sijapata kuona. Akikuchukia utajua. Akikupenda pia utajua, maana ndipo atakapokugombeza zaidi. Anayetaka habari za malaika aende akatafute kwingine, hapa tunamzungumzia mpiga pasi.

Ndiyo kazi yake, kupiga pasi kwa dobi mmoja nyuma ya hoteli. Chumba chenyewe kina madirisha mawili yaliyofifia kwa mvuke, meza tatu ndefu zilizovikwa blanketi, na nyaya za pasi zinazoning'inia kutoka darini. Asubuhi mashuka ya hoteli, mchana mashati ya maofisini, Ijumaa majoho ya kwaya. Mkono wake wa kulia umejaa alama za kuungua kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Kitambaa cheupe cha Meza ya Bwana kule kanisani kwetu ni yeye anayekifua, kukitia wanga na kukinyoosha, bila malipo, na ole wako uweke juu yake kikombe chenye maji maji. Mtaani wanamwita Mama Pasi.

Kaka yangu alifariki mapema, akamwachia mtoto mmoja tu. Mama Pasi akamlea kwa pasi hiyo hiyo mpaka akawa fundi bomba, kijana wa miaka ishirini na minne, sauti nzito ya besi kwenye kwaya, mzaha hauishi mdomoni. Akiingia nyumbani kwangu kwanza anafunua sufuria, halafu ndiyo anasema, "Shikamoo shangazi." Nilimpenda, jamani. Nilimpenda hadi nilikuwa nawaonea haya wanangu mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita kwaya ilikodi lori kwenda kuimba harusini. Wakati wa kurudi, alasiri, breki zikakatika kwenye mteremko. Dereva, ambaye alikuwa mshirika wa kanisa letu na anakaa mtaa huu huu, akaligongesha lori kwenye ukingo wa barabara ili lisitumbukie bondeni. Watu tisa walivunjika mikono na miguu. Aliyekufa ni mmoja, na mmoja huyo alikuwa wetu. Kesi ilipokwenda mahakamani ikaonekana kosa ni la mwenye gari. Dereva alimwambia mara mbili kwamba breki ni mbovu, akajibiwa aendeshe au aache kazi. Akaendesha. Mahakama ikamwachia. Mimi sikumwachia hata kidogo, kwa sababu alijua na bado akawasha gari.

Sasa sikilizeni utaratibu wa kanisa letu, maana mambo yote yametokea hapo. Meza ya Bwana kwetu hutandikwa mara nne kwa mwaka. Jumamosi ya kuamkia siku hiyo, saa kumi alasiri, tunakutana kwa maandalizi. Mzee kiongozi, ambaye tunamwita Mzee Ratiba kwa jinsi anavyoabudu saa yake ya mkononi, anasimama na kuuliza mara tatu, "Nani ana neno na mwenzake?" Kijitabu cha kanisa kinasema mwenye neno ajitaje, anayehusika naye aitwe, wasimame wote wawili mbele ya watu, na Meza isitandikwe hadi neno hilo liwe limesemwa. Ndivyo kilivyoandikwa. Lakini tangu nizaliwe sijaona mtu aliyejitaja. Tunanyamaza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha tunaitikia kwa pamoja, "Ni amani!" tunakwenda zetu nyumbani. Na hapo kuna akina mama wawili wa kwaya hawajasalimiana tangu ule ugomvi wa rangi ya sare.

Basi baada ya mazishi ya kijana wetu, wazee wakakaa kikao. Wakaamua Dereva asikaribie Meza "mpaka moyo wa mama utakapopona." Walifanya kwa wema, nawajua, hawakuwa na nia mbaya. Ila hakuna hata mmoja aliyefunga viatu vyake akaenda kumwuliza huyo mama. Kila Jumapili ya Meza, kabla mkate haujafunuliwa, Dereva anainuka benchi la nyuma, anatoka, anakaa kwenye ngazi za nje mpaka tumalize. Mimi nilijua sababu, mke wa mzee mmoja alininong'oneza. Nikafurahi, nikafunga mdomo wangu. Wifi yangu yeye alidhani mtu yule anatoka mwenyewe kwa aibu.

Alikuja kuujua ukweli siku ya Alhamisi, mimi nikiwepo. Nilikuwa nimepeleka sare za shule ninazoshona, zinyooshwe. Akaingia mke wa Dereva na furushi la mapazia.

"Shikamoo mama," akasema, macho chini.

"Marahaba. Ya lini haya?"

"Yakiwa tayari Jumamosi nitashukuru. Jumatatu tunahama."

Wifi hakuinua uso, aliendelea kunyoosha shuka. "Mnahamia wapi?"

"Mbali, mama. Mume wangu amepata kazi ya kulinda ghala. Usukani hataki tena kuushika."

"Kanisa lipo huko?"

Yule mwanamke akasita, akalifunga upya furushi ambalo lilikuwa limefungwa vizuri tu. "Lipo. Ila yeye amesema haingii tena kanisani, hapa wala huko. Anasema, kama mnaomjua hamwezi kula naye, akila na wasiomjua atakuwa anawadanganya. Amesema imekwisha."

"Nani hawezi kula naye?" Wifi sasa aliinua uso. "Si anatoka mwenyewe?"

"Mama, si wazee ndio waliomwambia atoke? Walisema ni kwa ajili yako. Mpaka upone."

Wifi alisimama pale pale, mkono juu ya pasi, pasi juu ya shuka. Mimi ndiye niliyesikia harufu. Nilipomkumbusha akaivuta, na shuka la hoteli lilikuwa na alama ya pasi nzima nzima, ya kahawia. Tangu aanze kazi ile hajawahi kuunguza hata leso. Akaligeukia lile furushi la mapazia, akalipokea kwa mikono miwili, akamwambia mwenye nalo, "Jumamosi mchana yatakuwa tayari. Nenda salama." Halafu akanitazama mimi, nikajua mambo yameharibika.

Jioni ile alinikuta jikoni kwangu. Hakubisha hodi.

"Wewe ulijua."

"Nilijua. Na vizuri walivyofanya," nikasema, maana na mimi si wa kurudi nyuma. "Ulitaka akae pale anatafuna mkate mbele yako? Aliyemuua mtoto wetu?"

"Hawakuniuliza, wifi."

"Wangekuuliza ungesema nini?"

Akavuta kigoda, akakaa.  "Siku ile ya mazishi ningesema atolewe. Ningesema afukuzwe mji mzima. Lakini mimi kusema vile ni jambo langu, ni uchungu wangu. Wao wameuchukua uchungu wangu wakautengenezea kufuli, wakamfungia mtu mlango, na kwenye ufunguo wakaandika jina langu."

"Kwa hiyo umemsamehe?"

"Nani kasema? Nikimwona navuka barabara. Ile meza ingekuwa yangu, ningemnyima hata maji ya kunywa. Lakini si yangu! Mimi nanyoosha kitambaa tu. Mwenye meza ni mwingine, na huyo hajaniambia nimchagulie wageni."

"Wewe umerogwa," nikamwambia.

"Labda. Lakini nimekula pale mara nane tangu nimzike mwanangu, na mara zote nane kuna mtu amekaa kwenye ngazi kwa jina langu. Nimekula nini mimi, wifi? Hebu niambie nimekula nini."

Nilimfokea. Nilimwambia ana moyo wa jiwe, amemsahau mwanawe. Naona haya kuyarudia haya, lakini niliyasema. Akainuka, akaifunua sufuria yangu iliyokuwa inachemka hadi kumwagika, akatoka bila kuaga. Ijumaa nzima hatukusemeshana.

Jumamosi saa kumi tulikuwa kanisani, watu kama sitini hivi. Mama Pasi alikuja na kitambaa mkononi kimekunjwa, akakaa benchi la pili. Mzee Ratiba akatazama saa, akasimama, akauliza kwa ile sauti yake ya kusoma matangazo, "Nani ana neno na mwenzake?"

"Mimi ninalo," akasema wifi.

Mzee Ratiba alikuwa ameshafungua mdomo kuuliza mara ya pili, na akauliza, kwa mazoea, "Nani ana neno na mwenzake?"

"Ni mimi. Hujanisikia? Ninalo."

Watu wakageuka. Mchungaji wetu, kijana aliyekuja mwaka jana, akashusha kijitabu chake. Mzee Ratiba akatabasamu kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Mama yetu, tunajua uliyopitia. Baada ya kikao tutakutembelea nyumbani, tutaomba pamoja. Sasa tuitikie, ni amani."

"Ni amani," wakaitikia watu wachache, kwa woga.

"Si amani!" Wifi akasimama. "Msiniitikie mimi. Nina neno na Dereva, na kijitabu kinasema aitwe. Na nina neno na ninyi wazee watano, ila ninyi tayari mpo hapa. Yeye ndiye mliyemtoa."

"Mama, lile tulifanya kwa ajili yako..."

"Nani alikutuma? Nilikutuma mimi? Taja siku niliyokutuma."

 Mzee Ratiba akajaribu tena, mara hii amekunja uso. "Mama, muda haututoshi. Meza ni kesho, watu wanatoka mbali."

"Basi waende wakijua haitatandikwa. Kitambaa hiki hapa." Akakikalia. Haki ya Mungu, kitambaa alichokitia wanga kwa saa nzima, akakikalia. "Mkitaka mje mkitoe."

Kuna waliocheka, kuna waliong'aka. Mmoja nyuma yangu akasema huyo mama huzuni imempanda kichwani. Mimi niliinamisha uso, nilitamani ardhi ipasuke.  Mchungaji alivua joho lake, akaliweka kwenye kiti, akatoka nje mwenyewe kwenda kumwita Dereva. Tulingoja karibu nusu saa, na muda wote huo Mama Pasi hakukaa kwa kuegemea, alikaa wima.

Dereva aliingia na vumbi la maboksi kwenye suruali, viatu bila soksi. Akasimama karibu na mlango. Mchungaji akamshika kiwiko akamleta hadi mbele. Wifi naye akaenda. Wakasimama wanatazamana, kati yao nafasi ya mtu mmoja.

"Neno langu ni hili," wifi akasema. "Ulijua breki ni mbovu, ukawasha gari. Ukaniulia mwanangu. Silisahau, na kesho sitakuwa nimelisahau. Una la kusema?"

"Sina, mama. Nilijua. Niliogopa kukosa kazi, nikawasha."

"Haya. Limesemwa."  Hapo ndipo nilipouona mkono wake, ule wenye makovu, ameukamata kwa ule mwingine. "La pili si ugomvi. Wewe ulikuwa naye. Miaka miwili mtu aliyekuwa na mwanangu mwisho amekaa kwenye ngazi, na mimi nimekaa ndani, na nikiwauliza watu wote hawa wananiambia alikwenda salama, alikwenda salama. Watajuaje? Niambie wewe. Alisema nini?"

Dereva akafunika uso. Mzee mmoja akataka kuinuka, Mchungaji akamwashiria akae.

"Nilikuwa nimebanwa na usukani," Dereva akasema. "Yeye alikuwa ametupwa chini ya mlango wangu. Akaniita. Akaniuliza, 'Dereva, umeumia?' Nikamwambia mguu. Akasema, 'Tulia, wanakuja.' Akarudia tena, 'Tulia, wanakuja.' Halafu hakusema tena."

Nililia kwa sauti, sifichi. Yule mtoto! Ndivyo alivyokuwa. Wifi yeye hakulia. Aligeuka polepole kuwaelekea wazee.

"Mmesikia? Mwanangu pumzi zake za mwisho amezitumia kumwuliza huyu kama ameumia. Ninyi mna miaka miwili, na pumzi mnazo, hamjamwuliza."

 Mzee Ratiba alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari la kikao. "Kwa hiyo, mama... tuandike kwamba umemsamehe?"

"Usiandike nisichosema! Andika kwamba kesho atakaa benchi langu." Akamgeukia Dereva. "Na wewe uvae soksi."

Jumapili kanisa lilijaa hadi dirishani, umbea si mchezo. Meza ilikuwa imetandikwa, na kitambaa, nawaapia, hakikuwa na kunyanzi hata moja, alirudi kwa dobi jioni ile ile kukipiga upya. Dereva alikaa benchi la pili, kando ya wifi. Mke wake alikuwa nyuma na watoto, bado yumo darasa la ubatizo, hajaanza kula Meza. Na benchi lile la watu wanane, nikiwa nimekaa la tatu nyuma yao, niliwaona watu wakiinuka mmoja mmoja. Mmoja alijifanya anatafuta kitabu. Mwingine alikohoa akaenda zake. Mpaka upande wa pili wa Dereva zikabaki mbao tupu.

Kwetu mkate haugawiwi na wazee. Ni mkate mmoja mzima, unapita mkono kwa mkono. Aliye nao anamega kipande, anampa wa pembeni yake na kumwambia, "Pokea, ndugu yangu," halafu anamkabidhi mkate. Ukafika benchi la pili. Wifi akapokea kutoka kwa bibi mmoja aliyebaki upande wake, akala. Akamega, akamgeukia Dereva. 

"Pokea," akasema, halafu akakwama. Akajikaza. "Pokea, ndugu yangu."

Dereva akala. Akaushika mkate, akamega kipande kingine, akageuka upande wake wa pili, na hapakuwa na mtu. Akabaki hivyo, mkono umenyooka juu ya benchi tupu, masikio yamewiva. Benchi la mbele hawakugeuka. Sisi wa nyuma tulitazama miguu yetu. Mzee Ratiba akasogea ili auchukue mkate auvushe, aokoe muda.

"Kaa chini," wifi akamwambia, hata hakumtazama.

Akainuka, akapita mbele ya magoti ya Dereva, akakaa upande ule mtupu. Akafungua kiganja. "Nipe."

"Mama, umeshakula," Dereva akanong'ona.

"Nimekula kwa mkono wa yule bibi. Kwa mkono wako sijala. Nipe."

Akampa. "Pokea..." akasema, akaishia hapo.

"Malizia."

"Pokea, ndugu yangu."

Akala. Wifi akatafuna taratibu, kidevu juu, machozi sasa yanamtiririka wala hayafuti. Kisha akauchukua mkate, akasimama nao, akatugeukia sisi sote. "Unaendelea," akauliza, "au unaishia kwangu?"

Sikuwa nimemsamehe yule mtu. Hata leo ukiniuliza nitakwambia ngoja kwanza. Roho yangu ilikuwa inasema thubutu, kaa hapo hapo. Lakini nilimwona wifi yangu amesimama peke yake mbele ya watu wote wale, mkono umenyooka kwenye benchi tupu vile vile kama wa Dereva, na nikajua kwamba nikikaa, na yeye nimemweka kwenye ngazi. Nikainuka. Nikalizunguka benchi, nikapita kando ya wifi, nikasimama mbele ya Dereva.

"Sipokei kwa huyu, napokea kwako wewe," nikamwambia, nikafungua mkono. "Chukua huo mkate unimegee. Na usinitazame hivyo, mimi ni shangazi wa yule kijana."